Mji unaposogea shambani: Nguvu na mipaka ya chama cha wakazi

MJI haubishi hodi unapoingia shambani. Hutanguliwa na mawe ya mipaka ya ploti yaliyochomekwa katikati ya mihogo, kisha nyumba moja ya matofali, kisha safu ya vyumba vya kupangisha, kisha duka na karakana ya kuchomelea vyuma. Barabara, mtaro wa maji ya mvua, uwanja wa watoto na mahali pa kutupa taka hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi hukuta ardhi imekwisha kugawanywa yote.

Hilo ndilo jambo linaloukabili ukanda wa mpakani baina ya Kenya na Uganda. Wadi ya Busibwabo ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Matayos katika Kaunti ya Busia, pamoja na Burumba, Mayenje, Bukhayo Magharibi na Matayos Kusini. Iko jirani na mji wa Busia, mji unaopumua kwa biashara ya mpaka. Katika maeneo kama hayo wakazi huanza kukutana, huchanga pesa za kumwaga changarawe kwenye kichochoro, na hatimaye huunda chama.

Swali wanaloulizana wengi ni kama chama hicho kina nguvu yoyote mbele ya serikali, au ni kikundi cha kulalamika tu. Jibu ni kwamba nguvu kinayo, na imeandikwa katika sheria za Kenya. Lakini nguvu hiyo ina mlango wake na saa yake. Anayefika kabla ya ardhi kugawanywa husikilizwa kwa gharama ndogo. Anayefika baadaye huambiwa aende mahakamani.

Kwa nini mpaka huleta msongamano

Busia na Malaba ni malango mawili makuu ya magari yatokayo bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Reli ya zamani kutoka Mombasa huingia Uganda kupitia Malaba. Bomba la mafuta la Kenya huishia Eldoret na Kisumu, kwa hivyo sehemu kubwa ya mafuta yanayopelekwa Uganda hupakiwa huko katika malori ya matangi na kupita katika miji hii miwili. Hata neno bodaboda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, inaaminika kwamba lilizaliwa hapa, kutokana na baiskeli zilizowavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka.

Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha mjini Busia. Kabla ya hapo lori lilisimama mara mbili, upande wa Kenya na upande wa Uganda. Chini ya mpango huo mpya husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia. Muda wa kuvuka ulipungua, lakini malori hayakukoma kuhitaji maegesho, madereva hawakukoma kuhitaji malazi, na wachuuzi hawakukoma kuhitaji soko. Mwaka 2020, malori yalipokwama Malaba kwa sababu ya vipimo vya Covid-19, foleni ilienea kwa kilomita nyingi kando ya makazi ya watu, na wengi wakatambua jinsi maisha ya mtaa yanavyofungamana na yanayotokea langoni.

Kaunti ya Busia ilihesabiwa kuwa na watu 893,681 katika sensa ya 2019. Ardhi nje ya mji ni mali ya familia, na baba anapofariki hugawanyika miongoni mwa watoto. Anayehitaji karo au pesa za matibabu huuza kipande. Mnunuzi, awe mwalimu, mfanyabiashara wa mpakani au afisa wa forodha, hutaka ploti ya kujenga. Hakuna kosa katika mauziano hayo. Kasoro huanzia katika hesabu.

Hesabu ya ekari moja

Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti inayouzwa sana ni ile ya futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Ukigawanya, ekari hutoa ploti nane na kubakiza futi 3,560. Muuzaji akiona hivyo husema masalio hayo ndiyo barabara.

Lakini ekari iliyo mraba ina upande wa futi 208 hivi. Barabara ya upana wa futi 30, inayotosha magari mawili kupishana na mtaro kupita kandoni, ikikata ekari hiyo kutoka upande hadi upande itachukua zaidi ya futi za mraba 6,200. Hapo kwa hesabu ya eneo peke yake hubaki nafasi ya ploti saba. Kwa maneno mengine, barabara ya kweli humgharimu muuzaji ploti nzima. Asipokuwapo mtu wa kumdai barabara hiyo, wengi hawatakubali hasara, na ploti nane zitauzwa zikiwa na kichochoro cha kupita mkokoteni.

Kuna tatizo la pili, na hili ni zito zaidi. Hata kama kila mwenye ekari ataacha barabara nzuri, kila mmoja huichora kwa kutazama shamba lake peke yake. Barabara ya huyu hugonga ukuta wa yule. Mtaro wa juu humwaga maji katika ua wa aliye chini. Gari la zimamoto haliwezi kufika, gari la kunyonya choo haliwezi kugeuza, na mgonjwa hubebwa hadi lami. Mpimaji ardhi hulipwa na mteja mmoja apime shamba moja. Si kazi yake kuuona mtaa mzima. Anayepaswa kuuona mtaa mzima ni serikali ya kaunti kupitia mpango wa matumizi ya ardhi, na anayepaswa kuikumbusha kaunti ni mkazi.

Sheria inampa mkazi nini

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, miji ya Kenya ilisimamiwa na mabaraza ya miji, manispaa na wilaya chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Mkazi alimjua diwani wake na karani wa baraza. Mfumo huo uliondolewa na Katiba ya 2010, ambayo ilikabidhi serikali za kaunti kazi ya kupanga maendeleo, kupima ardhi na kusimamia makazi. Kipengele cha 184 cha Katiba kinaagiza kwamba sheria ya miji iweke njia ya wakazi kushiriki katika uongozi wa miji yao.

Sheria hiyo ni ile ya Miji na Majiji ya 2011. Inatoa nafasi ya mabaraza ya wananchi ambamo wakazi huweza kutoa maoni kuhusu huduma, bajeti na mipango ya mji. Baada ya kurekebishwa mwaka 2019, inataka pia baadhi ya wajumbe wa bodi ya manispaa wapendekezwe na makundi ya jamii: vyama vya wataalamu, sekta binafsi, sekta ya jua kali, na vyama vya wakazi vilivyosajiliwa. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Chama kisichosajiliwa, hata kiwe na wafuasi elfu moja, hakiwezi kushika sehemu ya kiti hicho.

Sheria ya pili ni ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Chini yake, hakuna mtu anayeruhusiwa kujenga, kugawanya ardhi au kubadilisha matumizi yake bila idhini ya kaunti. Anayetaka kugeuza ploti ya makazi kuwa kituo cha mafuta au ghala lazima aombe. Na jirani ambaye hakuridhishwa na uamuzi anaweza kukata rufaa, ndani ya siku 14, mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi. Asiporidhika huko, huendelea hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku 14 si nyingi. Mkazi mmoja anayefanya kazi mbali atapata habari wakati kuta zimefika kwenye linta. Hapo ndipo chama huwa na faida ambayo mtu binafsi hana: huweza kumteua mmoja wa wanachama kusoma matangazo ya kaunti kila wiki na kuwaarifu wengine kwa ujumbe wa simu.

Ipo pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kwa mujibu wake, mwananchi anaweza kuandika barua kuomba nakala ya ramani, kandarasi au kibali, na ofisi ya umma inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Kwa miradi mikubwa inayoweza kudhuru mazingira, sheria ya mazingira ya 1999 inataka ripoti ya athari itangazwe na umma upewe muda wa kuandika maoni kabla ya leseni kutolewa.

Kalenda isiyongoja mtu

Malalamiko mengi ya mtaa ni ya pesa: taa, mtaro, kalvati, zahanati. Pesa hizo hugawanywa kwa ratiba iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti ifikapo Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa matumizi hufika ifikapo Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika ifikapo Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Chama kinachoandamana mwezi Julai kudai kalvati kimechelewa kwa karibu mwaka mmoja. Kinachopeleka barua mwezi Julai ili kalvati iingizwe katika mpango wa Septemba kimewahi. Barua ni ileile, madai ni yaleyale; tofauti ni mlango iliopelekwa.

Juu ya ratiba hiyo ya kila mwaka upo mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Wa sasa, ambao ni wa tatu tangu ugatuzi uanze, ni wa 2023 hadi 2027. Utakaofuata utaandaliwa baada ya uchaguzi mkuu wa 2027. Mradi ambao haukutajwa humo huwa na kazi ngumu ya kupata fedha baadaye.

Ni muhimu pia kujua nani anamiliki tatizo. Barabara kuu ya Busia kuelekea Kisumu iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, na gavana hawezi kuweka matuta hapo kwa amri yake. Vichochoro vya mtaa ni vya kaunti. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya kitaifa. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Barua iliyopelekwa kwa ofisi isiyohusika huweza kukaa mezani hadi ikauke wino.

Kusajili chama

Katika kuchagua njia ya usajili, wakazi wana mbili za kawaida. Ya kwanza ni Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, inayohitaji watu wasiopungua kumi, katiba ya kikundi na kumbukumbu za mkutano wa kwanza. Usajili hufanywa kupitia ofisi za maendeleo ya jamii, na cheti hutakiwa kuhuishwa baada ya miaka miwili. Ya pili ni Sheria ya Vyama, ambayo huendeshwa na Msajili wa Vyama na hufaa chama kikubwa kinachonuia kudumu.

Katiba ya chama haihitaji kuwa ndefu. Inapaswa kueleza mipaka ya mtaa, nani ni mwanachama, viongozi huchaguliwa lini na huondolewa vipi, nani hutia saini benki, na hesabu husomwa mara ngapi kwa mwaka. Daftari la mahudhurio na kumbukumbu za mikutano ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyoulizwa kwanza na kamati au hakimu anayetaka kujua kama waliotia saini ni wakazi kweli.

Chama cha wakazi si Nyumba Kumi. Mpango wa Nyumba Kumi ulianzishwa na serikali mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, na hufanya kazi karibu na chifu na polisi. Chama cha wakazi ni cha wenyewe, na huweza kuikosoa serikali bila kuomba ruhusa. Vyote viwili vinaweza kushirikiana, ila kimoja kisimezwe na kingine.

Anayevuka mpaka hadi Busia ya Uganda hukuta utaratibu tofauti. Huko kila kijiji kina baraza linalojulikana kama LC1, ambamo watu wazima wote ni wajumbe na kamati yake ina watu kumi. Baraza hilo ni sehemu ya mfumo wa serikali kwa mujibu wa sheria, na mwenyekiti wake ni mtu wa kwanza kutafutwa pakitokea ugomvi wa mpaka wa shamba. Hata hivyo mfumo huo nao una udhaifu wake: uchaguzi wa LC1 wa Julai 2018 ulifanyika baada ya miaka 17. Upande wa Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliruhusu mabaraza ya vijiji, lakini katika kaunti nyingi hayakuundwa. Pengo hilo ndilo chama cha wakazi hulijaza.

Waliowahi kufaulu

Aprili 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo uliwafunza maafisa wa kaunti kwamba tangazo dogo na mkutano wa haraka havitoshi.

Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Waliopeleka kesi walikuwa wakazi chini ya kikundi cha Save Lamu, na hoja iliyobeba uzito ilikuwa ileile: watu hawakupewa habari kamili wala nafasi ya kusema kabla ya uamuzi.

Mfano ulio karibu zaidi na mahitaji ya mtaa wa kawaida ni wa Mukuru, Nairobi. Agosti 2017, kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa. Mitaa hiyo ilikuwa na kaya zaidi ya 100,000. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa vitongoji lililoanza mwaka 1996, ulisaidia kuwapanga watu katika vikundi vya kaya kumi kumi, kila kikundi kikiwa na mwakilishi, ili mazungumzo kuhusu barabara, maji na choo yaanzie mlangoni mwa nyumba. Miaka iliyofuata barabara na mabomba ya majitaka yaliingia katika sehemu za Mukuru. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu nyumba zilikuwa zimekwisha kubanana. Mahali ambapo mashamba bado yako wazi, kazi hiyohiyo ingehitaji kalamu na kamba ya kupimia, bila kumhamisha mtu.

Chama kisigeuke mwiba

Pamoja na faida hizo, chama cha wakazi kina mipaka yake. Hakina mamlaka ya kukamata mtu, kubomoa nyumba wala kumlazimisha jirani kulipa ada. Hakiwezi kuweka lango katika barabara ya umma na kuamua nani apite bila idhini ya kaunti. Maombi yake yanapaswa kuwa ya maandishi, na ushindi wake ni wa hoja.

Hatari kubwa zaidi iko ndani. Katika mji wa mpakani wengi ni wapangaji: wanawake wanaovusha nguo na nafaka, vijana wa bodaboda, watumishi waliohamishiwa hapo. Chama kinachowapa kura wenye hati miliki peke yao kitapigania bei ya ploti na kusahau bei ya maji. Aidha, kinara wa chama akiwa dalali wa ardhi, atakuwa wa kwanza kujua barabara itapita wapi, na wa kwanza kununua kandoni mwake. Tena viongozi wa kisiasa hupenda kukialika chama kilicho na wafuasi wengi, na miezi michache kabla ya uchaguzi ajenda ya mtaro hugeuka kuwa ajenda ya mgombea.

Kinga dhidi ya hayo ni ya kawaida: mpangaji awe na kura sawa na mwenye nyumba, kiongozi atangaze maslahi yake ya ardhi, hesabu zisomwe hadharani, na muhula uwe na kikomo.

Kazi za kuanzia

Kwa mtaa ulio katika hali ya Busibwabo, kazi za mwanzo hazihitaji wakili. Wakazi huweza kwanza kuuliza katika ofisi ya ardhi ya kaunti kama eneo lao liko ndani ya mipaka ya manispaa ya Busia au nje, na kama kuna mpango wa matumizi ya ardhi uliokwisha kuidhinishwa. Pili, huweza kuchora wenyewe ramani ya mtaa: njia zilizopo, mahali maji yanapokusanyika wakati wa masika, visima, shule na mipaka yake. Tatu, wenye mashamba yanayopakana huweza kukubaliana barabara zao zikutane wapi kabla ya mpimaji kuitwa. Makubaliano hayo yakiandikwa na kupelekwa kwa mpangaji wa kaunti, huwa na uzito kuliko malalamiko ya miaka kumi.

Ardhi ya umma nayo ihesabiwe mapema. Januari 2015 taifa zima liliona watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, wakirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao wa michezo uliozungushiwa ukuta. Uwanja ule ulirudishwa baada ya kelele kubwa. Shule ya mashambani isiyo na hati ya ardhi yake haiwezi kutegemea kamera za televisheni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika upangaji wa mitaa, ufa ni ile futi 30 ambayo kila muuzaji anatamani kuipunguza. Leo inagharimu ploti moja katika nane. Zikishajengwa nyumba pande zote mbili, itagharimu fidia, kesi na kuta zilizobomolewa, na atakayelipa atakuwa mkazi yuleyule aliyedhani kwamba mkutano wa Jumamosi haukuwa na maana.